Kaa wa Madoa wa Kawangware

Mutheu mwanangu,

Nimekaa chini kuandika, nikainuka, nikakaa tena. Mara nimeenda kuangalia kama nguo zimeanuliwa, na ni mimi mwenyewe niliyezianua. Mara nimehamisha sufuria ambayo haikuwa na shida mahali ilipokuwa. Mvua inapiga mabati na wewe hujarudi kutoka Kibera. Najua uko salama. Umeniandikia kwamba uko kwa dadake Achieng pale Soweto East, kwamba amekataa kukupa mzigo wa kumpelekea Achieng kabla hujala. Lakini miguu yangu haijausoma ujumbe huo. Inataka kutembea tu, na chumba chetu unakijua, ukipiga hatua mbili umegonga kitanda.

Sitakuandikia habari za kula, kufua, wanaume na kanisa. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Nataka kukuandikia ile habari ya kaa. Utotoni uliisikia kila stima ilipopotea, nikikuchezea vivuli vya vidole ukutani. Ile ilikuwa ya kukulaza, na kuna vitu niliviondoa. Sasa unaenda kufanya kazi ya kumtafuta kaa huyohuyo kwenye miamba ya Pwani, tena utakaa huko kwa Achieng. Heri uipate yote kwangu kwanza. Achieng huongeza chumvi.

Nilipotoka Kitui nilikuwa nikifulia watu nguo. Nyumba moja niliyofua ilikuwa ng'ambo kidogo ya Kawangware, upande ule wa nyua kubwa, na nyuma yake kulikuwa na banda. Siku moja mlango wa banda ulikuwa wazi nikachungulia. Nikaona matangi ya kioo yamepangwa moja juu ya jingine kama rafu za duka, na mashine za hewa zinanguruma. Ndani ya maji kulikuwa na samaki wa rangi ambazo nilizoea kuziona kwenye leso peke yake. Mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani akaniambia, "Ingia au toka, lakini usisimame hapo katikati. Unaingiza vumbi."

Huyo ndiye Achieng.

Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara. Alinunua wanyama wadogo wa baharini kutoka kwa wazamiaji wa Pwani. Waliletwa na basi kwenye maboksi, kila mmoja ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, wakapumzika kwenye matangi yale, kisha wakapelekwa uwanja wa ndege kwenda kwa watu wa ng'ambo wanaopenda kuweka bahari sebuleni. Achieng aliponieleza hayo nilidhani ananitania. Achieng akachovya kidole kwenye tangi akaninyooshea.

"Onja."

"Ni chumvi!"

"Ushawahi kuona bahari?"

"Sijawahi."

"Hata mimi. Mimi ni mtu wa ziwa. Lakini hiyo bahari umeonja tunatengeneza hapa hapa, na maji ya bomba na chumvi ya gunia."

Bosi alikuwa anatafuta mtu wa kusugua vioo. Nikaacha kufua.

Sasa nikueleze nilivyomjua huyo kaa. Najua umesoma, una majina yake ya kitabuni, lakini mimi nilimjua kabla sijajua kwamba ana jina. Alikuwa mdogo, angeenea kwenye kijiko cha chai miguu yake ikining'inia kidogo tu. Mweupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na mwili mzima una madoa mekundu, makubwa mgongoni, madogomadogo miguuni, kama mtu aliyerushiwa matone ya rangi na fundi asiye makini. Tena bapa, kama amekaliwa. Makucha mawili makubwa kupita kiasi. Alikaa juu ya yule mnyama mwingine unayemwita anemoni. Sisi tulimwita zulia, kwa sababu alitandaza vidole vyake vifupi kama zulia lenye nyuzi zilizosimama. Zulia lilituwasha mikono, na samaki mdogo akiligusa hakutoka. Lakini kaa alitembea juu yake na kulala chini ya ukingo wake bila taabu. Nilimuuliza Achieng kwa nini halimwashi. Akasema, "Muulize."

Makucha yale nilidhani ni ya kulia chakula. Nikamkatia kipande cha samaki nikamwekea mbele. Hakukitazama. Kisha nikaona akifungua vitu viwili mdomoni vyenye manyoya marefu kuliko kope, akavitupa majini kama mtu anayetupa wavu, akavikunja, akalamba. Kimoja kinakwenda, kingine kinarudi. Anakula kile ambacho macho yetu hayakioni, takataka za majini. Nilisimama pale mpaka Achieng akanirushia sponji. Kila siku baada ya hapo nilianza kazi kwa kumwangalia akitupa nyavu zake, na hakuna asubuhi niliyojuta.

Nilikosea mengi. Mara ya kwanza niliyoambiwa nimhamishe, nilimshika ukucha, kama mtu anavyoshika mtoto mkono kuvuka barabara. Nikabaki na ukucha vidoleni, na yeye ameshazama chini ya zulia. Nilipiga ukelele.

Achieng akaja mbio. "Umemvunja?"

"Umetoka wenyewe! Sijavuta!"

"Basi amekuachia. Amesema shika hiyo, mimi naenda."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa nalia. Baadaye nilijifunza kwamba huyu kaa hutupa kiungo upesi kuliko wengine wote tuliokuwa nao, na kwamba hakipotei moja kwa moja. Siku akijivua gamba, kipya hutokeza, kidogo kama cha mtoto, na kila akijivua tena kinaongezeka.

Kujivua kwenyewe nako kulinidanganya. Nilimkuta asubuhi amelala kando ya zulia, hatikisiki, miguu yote ipo, macho yapo. Nikamtoa na kijiko nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia bosi. Achieng akamshika, akambonyeza kwa kidole, akabonyea kama ganda la yai. "Hii ni koti. Mwenyewe ametoka kwa nyuma." Nikainama, nikamwona amejibana chini ya ukingo wa zulia, laini, rangi imepauka. Nikaingiza mkono nimguse nihakikishe yuko hai. Achieng alinipiga kofi mkononi, kofi la kweli.

"Ukimgusa sasa utamuua. Mwache agumuke."

"Atakula nini huko?"

"Hajakuomba chakula."

Kosa lingine ni lile la zulia moja. Walikuja kwetu wawili wawili, dume na jike, na kila jozi na zulia lake. Siku moja mazulia yakawa machache, nikaona lile kubwa lina nafasi, nikaweka jozi nyingine hapo. Niliona kama vile sisi tunavyopangishana, watu wanaminyana na maisha yanaendelea. Loo! Makucha yale niliyoshindwa kujua kazi yake, siku hiyo niliijua. Walisukumana mpaka wale wageni wakabaki kwenye kioo kitupu, mmoja hana mguu. Nikawahamishia tangi lingine.

Halafu jike akabeba mayai. Yalikuwa chini ya mkia wake uliokunjwa, mengi, rangi ya machungwa, na alikuwa akiinua mkia anayapepea maji kama mtu anapepea jiko. Tukawa tunamwangalia kwa zamu. Mayai yakaanza kuwa meusi. Asubuhi moja hayakuwepo, na maji yalikuwa na vumbi hai. Achieng akamulika na tochi. Mutheu, watoto wa kaa hawafanani kabisa na kaa. Walikuwa kama vijiti vya kioo, kila mmoja na mwiba mbele mrefu kuliko mwili wake, wanaruka-ruka kwenye mwanga. Tulichota na vikombe, tukawatia ndoo, lakini mashine ya kusafisha maji ilikuwa imeshawavuta wengi, na wale wa ndoo hatukujua wanakula nini. Kufikia jioni hakukuwa na kilichoruka.

Achieng alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakufanya mzaha wowote. Akasema, "Mama Mutheu, hapa si kwao."

Nilikuwa nimekuzaa wewe tayari. Nilikuwa nakuja nawe mgongoni, unalala kwa mngurumo wa zile mashine. Babako alikuwa amesharudi Machakos kuanza maisha mengine ambayo sisi hatukuwemo. Hilo unalijua na sina la kuongeza.

Baadaye biashara ya bosi ikafa. Wanunuzi wake wakaacha kununua, naye akaamua kuhama. Samaki wakachukuliwa na maduka ya mjini. Ikabaki ile jozi yetu ya madoa na zulia lao, kwa sababu zulia lilikuwa limechanika kwa chini, kwenye ule mguu wake wa kushikia mwamba, na hakuna aliyelitaka. Bosi akasema tuzime mashine tuoshe matangi.

"Na hawa?" Achieng akauliza.

"Mwageni."

"Mimi nitawapeleka baharini."

Bosi akacheka. Hakuwa mtu mbaya, alidhani ni mzaha. "Wapeleke basi. Uwasalimie."

Tulipanga kwenda wote, mimi, Achieng na wewe. Achieng alisema kule kuna hoteli, kuna kazi ya jikoni, na kama hakuna tutaona bahari turudi. Tulinunua ndoo yenye kifuniko, na pampu ndogo ya betri bosi akatuachia. Nilifunga nguo zako. Nililala hapa Kongo ya Kawangware kwenye chumba hiki hiki nikiwa nimeshaaga majirani.

Asubuhi tukafika stendi ya basi. Achieng akapanda, akaweka ndoo katikati ya miguu yake, akaninyooshea mikono nimpe wewe. Na mimi nikasimama. Sikujua kama nitasimama. Nilianza kufikiria chumba. Niliona mtu mwingine anaingiza godoro lake, anapiga msumari pale ninapotundika kioo. Nilitaabika sana kukipata, nikaona nikikiacha sina mahali duniani.

"Panda, kwani?"

"Achieng, wewe nenda. Mimi nitakuja mwezi ujao."

"Unaogopa nini?"

"Chumba kitachukuliwa."

"Chumba ni mabati na mbao!"

Dereva akapiga honi. Achieng aliniangalia kupitia kioo cha basi mpaka likapinda kona. Wewe ulikuwa unampungia mkono ukifurahi.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya maji, simu ikalia. Nikasikia upepo kwanza, halafu Achieng anapiga kelele. Alikuwa amesimama ndani ya bahari, Mutheu, maji yamepwa, yanamfika magotini. Alikuwa amempata mama mmoja wa huko anayetafuta pweza kwa kijiti kwenye miamba, na yule mama alimwonyesha dimbwi lenye mazulia mengine, na ufa ambamo zulia letu lingeweza kushikiza mguu wake. Wameliingiza. Wamengoja. Zulia limejikunja kama ngumi na kaa wamepotea chini yake.

"Wamekufa?" nikauliza.

"Ngoja! Usiongee!"

Nikangoja. Watu kwenye foleni wananiambia nisogee, ndoo yangu imejaa, mimi sisikii. Halafu Achieng akaanza kulia. "Limefunguka! Mmoja ametoka! Anatupa nyavu, Mama Mutheu! Anatupa!"

Nikapiga magoti pale kwenye matope nikiwa na wewe mgongoni. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanishika bega. "Pole, dada. Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaa amefika kwao."

Foleni nzima ikanitazama. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, nami nikacheka, wewe ukacheka kwa sababu sisi tunacheka.

Juzi nilipokugusia haya, uliniambia kwa upole kwamba siku hizi wataalamu hawataki mnyama wa tangi arudishwe baharini, anaweza kubeba ugonjwa. Sikujua. Achieng pia hakujua. Kama tulikosea, tulikosea tukiwa tunampenda, lakini nimefurahi kwamba wewe unajua, na hutafanya kwa kubahatisha kama sisi.

Sikwenda mwezi uliofuata. Wala mwaka uliofuata. Kila mara nilikuwa na sababu na kila sababu ilikuwa ya kweli, ulikuwa na surua, cherehani niliyoanzia ushonaji ilikuwa mpya, sare za shule zilikuwa zinangojwa na wateja pale kituo cha Forty-Six. Achieng alibaki kule, akapika kwenye jikoni za watu, sasa ana jiko lake. Mimi nimebaki na chumba. Hakuna aliyekichukua. Nimekilinda miaka yote hii, na sijawahi kusikia mtu akigonga kukitaka.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, si ili uishi kama kaa. Kaa ni kaa. Nimewaangalia sana, hawana cha kumfundisha mtu kuhusu kodi ya nyumba. Ila Achieng ana jambo alilonifundisha kupitia kwao, na ulilipata bila kujua. Ule mwaka matokeo yako yalikuja vibaya ukajifungia nyuma ya pazia, huongei, unalala mchana, mimi nilikuwa karibu kurukwa na akili. Nilitaka kuita mchungaji, shangazi zako, mwalimu. Nilimpigia Achieng nikilia. Akaniambia, "Mpelekee chai, uweke chini, utoke." Nikamwambia wewe si kaa. Akasema anajua, lakini mkono wangu ni uleule uliotaka kumgusa kaa akiwa laini. Basi nikawa naweka chai natoka. Nilikuwa nasimama nje kwenye ukuta, nasikiliza kama kikombe kinainuliwa. Siku uliyotoka uliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, ukaniambia unataka kurudia mtihani. Sikukuuliza kitu. Sijui kama ulijua nilivyokuwa nauma ulimi.

Kwa hiyo ilikuwa aibu kwangu Jumapili, uliponiambia umepata ile kazi na mimi nikakujibu mbele ya majirani, "Kuhesabu kaa ni kazi ya mtu aliyesoma?" Uliniangalia tu. Ukasema, "Mathe, si ni wewe ulinionyesha?" Baadaye ndani ukanieleza polepole. Kwamba siku hizi maji yakipata joto kupita kiasi mazulia yanageuka meupe, mengine yanakufa, na kaa wa madoa wanabaki hawana pa kukaa. Kwamba kuna watu wanataka kujua wamebaki wangapi na wanakwenda wapi, na wewe utakuwa unatembea kwenye mwamba maji yakipwa, unainama kwenye kila dimbwi. Nilikuwa nasikiliza huku nakata uzi. Nikakwambia naogopa bahari. Si bahari. Ungeniuliza tena ninaogopa nini, ningekwambia naogopa utaipenda.

Ipende. Inama vizuri kwenye hayo madimbwi. Usimshike ukucha. Ukiona jike ana mayai, nipigie hata kama ninapima mteja. Na Achieng akianza kukusimulia siku ya stendi atasema nililia. Sikulia stendi. Nililia nikifika nyumbani.

Asubuhi ya leo amenipigia. "Mtoto anakuja. Na wewe je?" Nikamwambia nina sare za watu. Akasema, "Sawa, Mama Mutheu," kama mtu anayemjibu karani.

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu umeingia. Umelowa, umebeba mzigo wa Achieng kichwani chini ya karatasi ya nailoni, na unanuka omena, samaki wa ziwa la kwao. Umeniuliza naandika nini, nikasema vipimo vya wateja. Unajipangusa na leso yangu nzuri. Na umeniambia, bila kunitazama, kwamba ulipitia ofisi ya basi kubadilisha saa ya kuondoka, na kwamba karani amesema kuna kiti kingine karibu na chako, hakijachukuliwa, atakishikilia mpaka jioni hii. Umesema ni Achieng aliyekutuma uulize. Umesema naweza kukaa wiki moja tu nirudi.

Nimekujibu hapana. Nimekujibu nina sare. Umesema, "Sawa, Mathe," ukaenda nyuma ya pazia kubadilisha nguo.

Nimekaa hapa. Cherehani imefunikwa. Mvua imepungua, nasikia watu wanatoka nje tena.

Mutheu, nimekuita. Umetoa kichwa kwenye pazia. Nimekuuliza kama hicho kiti kiko dirishani.